Shangazi Amesimamisha Mtambo

Mashtaka yalikuwa mawili, yamepigwa chapa kwenye karatasi moja, kwa lugha ya watu ambao hawajawahi kushika chupa iliyotoka kuoshwa ikiwa bado ya moto. La kwanza: kuiba soda moja. La pili: kuficha ugonjwa. Lolote kati ya hayo likithibitika, kazi huna. Nikapewa siku tatu za kujiandaa na ruhusa ya kuja na shahidi mmoja. Nikamchagua fundi wa mitambo, yule tunayemwita Spana, kwa sababu hababaiki mbele ya wakubwa wa ghorofani na hatupi karatasi yoyote.

Mimi wananiita Kizibo. Nina miaka kumi na mmoja kwenye mashine ya kufunga vizibo, na jina la kwenye kitambulisho siku hizi likiitwa huwa natazama pembeni kuona nani kaitwa. Hata mashine kiwandani kwetu zina majina. Vibao vyake vya chuma viliandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeisoma, na mvuke umeshavila. Kwa hiyo ya kuosha chupa ni Bibi Kikohozi, maana asubuhi haianzi kazi mpaka ikohoe mara tatu. Ya kujaza ni Mlevi, kwa jinsi inavyomwaga. Ya kubandika karatasi ni Karani. Yangu ni Bondia. Inapiga kizibo ngumi moja tu, chupa mia na ishirini kwa dakika, na ukizubaa inapiga na kidole.

Mashine ikisimama, anayeiendesha anaandika kwenye kitabu cha zamu: saa, jina, sababu, dakika. Hata ikiwa dakika moja. Mwisho wa zamu msimamizi anapitia na kuweka saini kila ukurasa. Utaratibu huo niliukuta, na walionitangulia waliukuta. Majina tunayoandika ni hayo hayo ya kwetu. Msimamizi mpya akija, anajifunza kwa kuuliza. Asiyeuliza, shauri yake.

Baba yangu mdogo alifanya kazi kwa Bibi Kikohozi. Ilikuwa Jumatano, saa nne na robo asubuhi, mwaka ule ghala la nyuma lilipoungua. Alianza kusema maneno yasiyoshikana, kisha akakaa chini kwenye maji ya sabuni. Msimamizi wa wakati ule akamnusa mdomo, hakupata harufu ya pombe, akaandika "ulevi" hivyo hivyo. Ilikuwa sukari imemshuka. Walimtoa getini buti zikiwa mkononi. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ile barua ya kumfukuza niliisoma mimi, maana yeye macho yalikuwa yameanza kufifia. Ninaijua mpaka leo, mstari kwa mstari, pamoja na makosa yake ya herufi.

Kwa hiyo miaka miwili iliyopita, nesi wa kliniki aliponikalisha na kuniambia kuwa na mimi nina kisukari, sikulia. Nilimuuliza tu: kazini watajuaje? Akaniambia si lazima wajue, ila ni lazima nipime, nichome insulini, nile kwa wakati. Akanipa mfuko. Nikafika nyumbani nikauzika chini ya vitambaa vya kichwa, kabatini.

Mwezi mzima niliviita "vile vidude". Nilipima kwa kujificha, siku nyingine sikupima kabisa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyenifuma.

"Wifi, kitu gani kinalia kabatini?"

"Saa."

"Saa gani hiyo inayokwenda chooni na mwenyewe?"

Nikamwonyesha. Nilijua hapo ndipo msiba utaanza, kwamba atakaa kitandani anipe pole hadi jioni. Akakichukua kipimo cha sukari, akakigeuza huku na huku.

"Ngoja nielewe. Hiki kinajua ulichokula jana?"

"Kinajua."

"Kinalia mbele za watu, hakina haya?"

"Ndivyo kilivyo."

"Na ukikidanganya kinakuumbua?"

"Papo hapo."

"Basi huyu ni shangazi yako. Yule mkubwa, anayefunua sufuria kabla hajasalimia. Mwite kwa jina lake, usimkosee adabu."

Tukacheka mpaka mume wangu akaja kuuliza kuna nini. Tukampa na yeye zamu. Kile cha kutobolea kidole akakiita Siafu. Kalamu ya insulini ikapata jina la Bawabu, kwa sababu nesi alikuwa amenieleza kwamba sukari hugonga mlango wa mwili na insulini ndiyo inayofungua. Kopo la sindano zilizotumika likawa Jela. Anayeingia humo hatoki.

Labda utasema ni utoto. Sawa. Lakini kidude huwezi kukigombeza. Shangazi nilimgombeza: "Kumi na nne? Mimi nimekula kipande kimoja tu, wewe mama!" Naye aliniwekea namba ile ile usoni, hakubabaika, mpaka nikaungama kile kipande cha pili. Tangu siku hiyo sikuacha kupima. Wifi akipita nje anapiga kelele dirishani, "Shangazi kasemaje leo?" nami najibu kwa sauti, majirani wasikie wakitaka. Miezi mitatu baadaye nesi alitazama majibu yangu akaniuliza nimebadilisha nini. Nikamwambia nimekaribisha ndugu.

Kazini nilimbeba mfukoni mwa ovaroli. Wenzangu wa mtambo walimjua ndani ya wiki moja, maana kwa kutoa majina sisi hatuna mpinzani. Mwendesha Mlevi alikuwa akinitolea macho kutoka upande wake na kuonyesha kidole: umempima? Sukari ikishuka, nilisimamisha Bondia, nikatafuna pipi za glukosi, nikangoja dakika nne au tano mikono itulie. Kuendesha Bondia mikono ikitetemeka ni kutafuta kilema.

Lakini mashine ikisimama ni lazima iandikwe. Mara ya kwanza nilishika kalamu nikakumbuka barua ya baba mdogo, na mkono ukakataa kuandika neno sukari. Kukidanganya kitabu cha zamu nako sijawahi, na sikuwa tayari kuanza. Nikaandika: "Saa 4:10. Shangazi, 3.4. Dakika nne."

Jioni Bwana Zamu, msimamizi wetu mpya, akaweka saini. Hakuuliza.

Je, nilificha? Nusu. Niliandika ukweli kwa jina ambalo mtambo mzima ulilijua, isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja alilipwa ili ajue.

Asubuhi ya soda ilianzia getini. Mlinzi alikuwa na amri mpya: hakuna chakula ndani ya mtambo, hata kitafunwa.

"Hizi ni dawa," nikamwambia.

"Dawa yenye picha ya chungwa?"

"Ni glukosi, kaka. Nina sukari."

"Kama una sukari, pipi za nini? Si ndizo zilizokuumiza?"

Unamwelezaje mtu huyo saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na foleni iko nyuma yako? Akaziweka mezani kwake. Nikaingia.

Saa nne kasoro jasho likanianza shingoni, jasho la baridi. Nikasimamisha Bondia, nikamwita Siafu, nikamtoa Shangazi. Mbili nukta nane. Nikaingiza mkono mfukoni, nikakuta maganda matupu. Na mbele yangu, kwa urefu wote wa mkanda wa kupitishia chupa, zimepangwa soda. Mia, mia mbili, zimejaa sukari mpaka shingoni, zinagonganagongana kama zinacheka. Miaka kumi na mmoja nimezifunga midomo, sikuwahi kuonja hata moja mle ndani.

Nikaichukua moja, nikaifungua kwenye ukingo wa Bondia, nikakaa sakafuni, nikanywa.

"Weka chini!" Bwana Zamu alikuwa juu ya ngazi. "Wewe! Weka chini hiyo!"

"Sijamaliza," nikasema.

Nikamaliza. Hakuuliza kwa nini ninatetemeka. Hakuuliza kwa nini nimekaa sakafuni. Alichukua ile chupa tupu kwa leso, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, kama kisu chenye damu. Mikono ilipotulia niliandika kitabuni, herufi zikipanda na kushuka: "Saa 3:50. Shangazi, 2.8. Soda moja. Dakika kumi na moja." Mlinzi alipoulizwa alisema nina sukari, na kesho yake nikapewa ile karatasi ya mashtaka.

Kikao kilifanyika ghorofani, chumba chenye meza ya kioo na viti vinavyozunguka. Afisa utumishi ndiye aliyeongoza. Sisi humwita Bi Utumishi, mama wa makamo, mwenye sauti ya chini na kompyuta mbele yake. Bwana Zamu alikaa kulia kwake na ule mfuko wa chupa. Mimi na Spana tulikaa upande wa pili. Spana alikuwa amekuja na kitabu cha zamu kwapani, maana vitabu hivyo hutunzwa na fundi.

Bi Utumishi akasoma mashtaka. "Unakubali au unakataa?"

"Soda nilikunywa. Kuiba sikuiba. Hilo la kuficha, naomba kwanza kitabu cha zamu kisomwe."

"Kitabu cha zamu ni cha mashine," Bwana Zamu akasema. "Hakihusiki hapa."

"Kina saini yako," Spana akamjibu. "Kinahusika kidogo."

Akaanza kusoma, polepole, kama mtu anayesoma orodha ya vipuri. "Shangazi, tatu nukta nne, dakika nne. Saini. Shangazi, tatu nukta sita, dakika tano. Saini. Shangazi, tatu nukta moja, dakika saba. Saini."

"Ziko ngapi?" Bi Utumishi akauliza.

"Kurasa arobaini na moja, kwa miezi minane. Zote zina saini. Na hapa, mwezi wa tano, Bwana Zamu mwenyewe ameandika kwa kalamu nyekundu: 'Shangazi anachelewesha uzalishaji. Fundi amfungue, amsafishe, ikibidi apakwe grisi.'"

Bi Utumishi akavua miwani. Akaifuta. Ilichukua muda kuifuta. "Na fundi ulijibu nini?"

"Niliandika: 'Nimemkagua. Betri ilikuwa imekwisha, nimebadilisha. Grisi hahitaji.'"

"Halafu?"

"Halafu saini."

"Huyo Shangazi ni mashine gani?"

Nikamtoa mfukoni nikamweka juu ya kioo. Ni mdogo kuliko kiganja. Bi Utumishi alimtazama yeye, akamtazama Bwana Zamu.

"Nilidhani ni geji ya presha," Bwana Zamu akasema mwishowe. "Namba zake zinafanana na za presha. Tatu, tatu na nusu."

"Miezi minane hukwenda kuiangalia?"

Alikaa anachezea mfuko wa ile chupa. "Nilikuta kila mtu anaijua, mama. Mtu anasema Shangazi kashuka, mwenzake anasema pole. Ningeanza kuuliza hiyo mashine iko wapi, wangenicheka mpaka getini."

"Tungecheka siku moja tu," Spana akasema. "Ya pili tungekuonyesha."

Nilimwona Bwana Zamu amekuwa mdogo kwenye kile kiti kinachozunguka, na huruma ikataka kunijia. Nikaizuia. Mtu aliyekuwa tayari kunitoa kazini kwa kosa la kutokusoma kwake, huruma ana muda mrefu wa kuingoja.

Shtaka la pili likafutwa pale pale. La soda, Bi Utumishi aliuliza kwa nini sikuwa na dawa yangu. Nikamweleza ya getini. Akataka kujua hizo pipi ziko wapi sasa.

"Zimebaki mbili," Spana akasema. "Mlinzi anasema dawa inamfaa."

Hapo Bi Utumishi akacheka, kwa pua, akajirudi haraka. Akafuta na shtaka la kwanza. Nilidhani tumemaliza. Ndipo akalainisha sauti, na mimi sauti ikilainika nakaa mkao wa kupokea kipigo.

"Dada yangu, tumeona una matatizo ya kiafya. Kwa usalama wako, tunakuhamishia bohari ya makreti. Utakaa kwenye kiti, kazi nyepesi, utapima ukitaka."

"Hapana."

"Ni kwa faida yako."

"Bi Utumishi, waliohamishiwa bohari ya makreti kwa faida yao ni watatu. Wa kwanza alikuwa mama wa kufagia, mgongo. Wa pili kijana wa forklifti, baada ya kuvunjika mguu. Wa tatu yule mpanga chupa mwenye pumu. Nakumbuka na miezi. Hakuna aliyemaliza mwaka. Bohari ikapunguzwa watu, wao wakawa wa kwanza. Mimi ninaendesha Bondia, na kwa Bondia ndiko ninakorudi."

"Sasa unataka nini?"

"Barua. Kwamba naruhusiwa kuingia na kipimo, dawa na pipi zangu, na kusimamisha mashine nikihitaji, na nikikosa pipi ninywe soda ya mkandani bila kuitwa mwizi."

Akaandika. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akageuza kompyuta nisome. "Kwa huruma ya kampuni, mfanyakazi huyu ameruhusiwa..."

"Neno huruma litoke."

"Ni lugha ya kawaida ya barua."

"Huruma hutolewa na huondolewa. Hata mimi nyumbani ninayo, naitoa nikipenda. Litoke."

Akalitoa. Nikasoma tena. "Na hili 'mfanyakazi huyu'. Liwe 'mfanyakazi yeyote'."

Bwana Zamu akaruka. "Yeyote? Si kila mtu ataanza kusimamisha mtambo kwa visingizio?"

"Bwana Zamu," nikamwambia, "wenye sukari kwenye zamu yako ni wanne. Wewe unamjua mmoja, tena kwa bahati, kwa sababu alikunywa soda. Mmoja wa hao wengine huchomea insulini chooni, amesimama kwa mguu mmoja ili mlango usifunguke. Nani mwenye kisingizio hapo?"

"Ni nani huyo?"

"Barua ikisema yeyote, atakuja mwenyewe."

Bi Utumishi akasema hilo haliko kwenye mamlaka yake, itabidi lipelekwe juu. Nikamwambia simu iko mezani, juu kupo. Akasema saa ya chakula imefika, tuahirishe hadi wiki ijayo. Kengele ilikuwa kweli inalia kule chini, na Bondia amenyamaza.

Wiki ijayo. Nimezisikia wiki zijazo nyingi katika kiwanda kile. Ukishuka ngazi bila karatasi, umeshuka.

"Nyinyi nendeni mkale," nikasema. "Mimi ninakula hapa hapa."

Nikatoa chakula changu kwenye mfuko: viazi vya kuchemsha, yai, mboga. Nikamtoa Siafu, nikajitoboa kidole, nikampa Shangazi tone lake. Saba nukta mbili. Nikafunga sindano mpya kwenye Bawabu, nikazungusha namba, nikapandisha shati kidogo juu ya kiuno na kuchoma tumboni, pale pale, mbele ya kioo chao. Nikahesabu mpaka kumi. Bwana Zamu aligeukia dirishani. Bi Utumishi hakugeuka.

"Haiumi?" akauliza.

"Hiyo haiumi. Kusimama chooni kwa mguu mmoja ndiko kunakouma."

Nikamenya yai. Insulini ikishaingia haisubiri kikao. Nikala taratibu, kiazi kwa kiazi, na hakuna aliyeondoka. Spana akavuta kiti karibu, akachukua kiazi bila kuombwa. Bi Utumishi alikaa ameshika simu, hajaipiga. Kisha akaipiga. Aliongea kwa sauti ile ile ya chini, akisema "ndiyo" na "hapana" na "nimemwona kwa macho yangu" na "kitabu kina saini zetu, mzee, kurasa arobaini na moja". Mara mbili akasogeza simu mbali na sikio, na sote tukasikia mtu akifoka ndani yake. Mara ya pili alimwacha afoke mpaka akachoka, akasema, "Basi niandikie wewe kwamba hatukujua, uweke na saini yako."

Akaweka simu chini. Akavaa miwani.

"Umesema 'mfanyakazi yeyote'?"

"Yeyote."

"Na soda?"

"Na soda iandikwe. Moja, ikihitajika, na iingizwe kwenye kitabu cha zamu."

Akapiga chapa mara ya tatu. Mashine ya kuchapia ikatema ukurasa. Nikajifuta mikono, nikausoma mara mbili, kidole chini ya kila mstari, nikampa Spana akausoma na yeye. Bwana Zamu akaweka saini, Bi Utumishi akaweka muhuri.

"Naomba nakala mbili," nikasema.

"Ya pili ya nani?"

"Ya ubao wa matangazo, pale chini penye saa. Usijisumbue kutafuta mtu wa kuibandika. Pini ninazo."